Mkate Uliofungwa Ungali Moto

Wajukuu zangu, na nyie wengine mnaokuja hapa Magomeni ya Kilosa kununua mkate kwa mwanangu halafu mnakaa kibarazani kuniulizauliza mambo ya zamani, leo nawaambia jambo ambalo sijawahi kupenda kulisema. Nalisema kwa sababu juzi nimeona kitu kikanipandisha presha. Binti mmoja, msomi mzuri tu, ana friji refu kuliko mlango wa chumba changu, katoa mkate kwenye oveni, haujapoa hata kidogo, kautia kwenye mfuko wa nailoni, kafunga fundo, huyoo kwenye friza. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu utoe huo mkate." Akacheka. "Bibi, si utapoa humo humo?" Jamani! Ilibidi nikae chini. Sikumkasirikia yeye, nilijikasirikia mwenyewe, maana maneno hayo hayo niliyasema mimi nikiwa na akili zangu timamu, na mtu mwingine akachukuliwa kwa kosa langu.

Mimi ni Damari, Mkaguru wa milimani, mtoto wa misheni. Misheni walinifundisha kusoma, kushona, na kuoka vibiskuti visivyomshibisha hata kuku. Mkate wenyewe nilifundishwa hapa hapa Kilosa na Mzee Kibwana, Msagara wa bondeni, mtu wa swala tano, mrefu, mkimya, mwenye kikohozi kilichomwanza kabla sijamfahamu. Kabla ya Uhuru alikuwa mpishi wa mpima ardhi mmoja wa Kizungu kule Mikumi, enzi ambazo tembo walikuwa wanapita nyuma ya jiko. Uhuru ulipokuja yule bwana akafunga mizigo yake, akamwachia Mzee Kibwana vitu viwili: chungu cha chachu na friza ya mafuta ya taa. Watu walimcheka sana, maana wapishi wenzake waliachiwa baiskeli.

Hiyo friza nyie hamjaiona. Sanduku kubwa jeupe, chini lina tangi la mafuta ya taa na utambi unaowaka, na eti moto huo ndio unaoleta baridi. Msiniulize inakuwaje, hata Mzee Kibwana hakujua. Alijua tabia zake tu. Lazima isimame sawasawa, ikiinama kidogo inanuna. Ikigoma kabisa, anaizima, anamwaga mafuta, anaipindua miguu juu kichwa chini, anaiacha kutwa nzima, kisha anaisimamisha, anaiacha itulie, anawasha, na inagandisha! Mara ya kwanza kumwona anaipindua nilidhani malaria imempanda kichwani. Nikataka kuita majirani.

Na chachu. Miaka ile ya Ujamaa hamira ya dukani ilikuwa leo ipo, mwezi ujao hakuna. Sisi haikutusumbua. Chachu ni unga na maji tu, vimeachwa chunguni vikachacha vyenyewe. Kila siku unailisha unga kidogo, inatoa povu, inanukia kama togwa lililokaa. Mkate wake una ganda gumu la kahawia, ndani una uchachu wa mbali, na hauharibiki haraka. Ndiyo maana unakubali kugandishwa.

Kwa nini tuligandisha? Tanuri letu lilikuwa la udongo. Kulipasha moto kulikula kuni zile zile, uoke mikate mitano au uoke hamsini. Kwa hiyo tulioka mingi kwa mkupuo. Unga tulipata kwa kibali, na kibali kilikuwa na jina la Mzee Kibwana, na kilisema wazi kwamba mkate huo ni wa kambi ya wajenzi wa barabara kule Mikumi. Lori lao lilikuja kuuchukua kila Alhamisi. Tukioka Ijumaa, mkate unasubiri ndani ya friza mpaka Alhamisi, ukifika kambini ni kama umeokwa asubuhi ile.

Sasa sikilizeni kazi. Mkate ukitoka tanurini, uache upoe. Nasema upoe mpaka moyoni, si ganda tu. Ganda linapoa upesi, linakudanganya, kumbe ndani bado kuna mvuke. Mzee Kibwana alikuwa anauchukua mkate, anauweka shavuni upande wa chini, anafumba macho kama mtu anayesikiliza redio. Akisikia uvuguvugu hata wa kufikirika, anaurudisha ubaoni. Ukishapoa kweli, unaufunga kwa kitambaa cha mfuko wa unga kilichofuliwa, juu yake nailoni, unakamua hewa yote, unakaza kwa uzi wa katani. Fundo lake lilikuwa dogo, limejificha, hulioni. Langu lilikuwa na masikio mawili makubwa yamesimama. Alikuwa ananitania, "Damari, unafunga mkate au unafunga mbuzi?"

Kabla ya kuoka, alichanja mkate juu kwa wembe. Chale moja, mkate wa wiki ya kwanza ya mwezi. Chale mbili, wiki ya pili, na kuendelea. Hakuandika popote. Ukifungua friza, chale zinajichora hata kwenye kitambaa kilichokazwa, zinakwambia.

Msidhani naye alizaliwa anajua. Aliwahi kulaza kambale wabichi karibu na mikate, mara moja tu, usiku mmoja. Wajenzi wa Mikumi walirudisha salamu kwamba mkate umefika, ila walioukula walitaka kuogelea. Tangu hapo hata kitunguu hakikuingia kwenye ile friza.

Haya. Masika ya mwaka ule yalikuja kwa hasira. Barabara ya kwenda Mikumi ikakatika, lori halikuja Alhamisi. Halikuja Alhamisi ya pili. La tatu vilevile. Unga nao ukikaa kwenye unyevu ule unaota ukungu na kuingia wadudu, kwa hiyo hatukuwa na budi kuoka na kugandisha, kuoka na kugandisha, mpaka kifuniko cha friza kikawa hakishuki bila kukikalia. Huku nje, madukani hakuna mkate wala unga. Akina mama wanapanga foleni asubuhi wanaondoka mchana mikono mitupu, na njia nzima ya Magomeni inanukia tanuri letu. Hebu fikirini wenyewe. Miaka ile neno mlanguzi lilitosha kumkosesha mtu usingizi. Nilimwambia Mzee Kibwana naogopa. Akasema, "Mkate una wenyewe. Barabara itapona."

Lakini mimi nilikuwa na hofu nyingine ambayo hakuijua.

Ile wiki ya kwanza, wiki ya chale moja, siku ya kuoka ilitukuta Mzee ana homa kali. Aliweza kufunga mikate ya tanuri la kwanza tu, ule mkupuo wa asubuhi, akaenda kulala. Nikabaki peke yangu na mwanangu Yona, wa miezi saba, naye ana joto, analia hataki kunyamaza. Mume wangu alikuwa fundi wa reli, kapangiwa mbali. Nikatoa tanuri la pili, na hapo hapo paa la banda likaanza kuvuja juu ya ubao wa mikate. Nikahangaika kuihamisha, mtoto analia, maji yanadondoka. Ikabaki sita haina pa kuwekwa. Ilikuwa moto, jamani, siwadanganyi, niliishika kwa kanga. Nikasema, si itapoa humo humo? Nikaifunga yote sita, nikaitia friza, nikaenda kunyonyesha. Mzee alipopona aliniuliza, "Yote ilipoa?" Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee." Aibu ya kusema hapana ilinishinda.

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, gari likasimama mlangoni. Akashuka bwana mmoja wa ukaguzi kutoka Morogoro, kijana bado, shati limepigwa pasi, jina lake Bwana Fulgensi. Amefuatana na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shomari, ambaye alikuwa hatutazami usoni. Nani alipeleka habari mpaka leo sijui, na sikutafuta kujua.

"Shikamoo mzee," akasema Bwana Fulgensi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimeambiwa hapa kuna mikate imefichwa wakati wananchi wana njaa."

Mzee Kibwana hakubishana. Akampeleka kwenye friza, akafunua. Bwana Fulgensi akatazama ndani, akaingiza mkono, akatoa mkate mmoja, akaugonga mezani. Ukalia ko! ko!

"Huu ni mkate au tofali?"

"Ni mkate. Umegandishwa. Unawasubiri wajenzi wa Mikumi. Kibali hiki hapa."

"Kibali kinasema mkate, mzee. Hakisemi mawe. Umechukua unga wa wananchi ukaugeuza mawe." Akageukia Mzee Shomari. "Balozi, kuna mtu anaweza kula kitu hiki?"

Mzee Shomari akajikuna kichwa. Mzee Kibwana akasema, pole pole kama kawaida yake, "Nipe mpaka saa saba mchana. Uuache hapo mezani, mbele ya macho yako. Nitauamsha, utaukata wewe mwenyewe. Ukiwa si mkate, nipeleke unakotaka."

"Ukiwa si mkate," akasema Bwana Fulgensi, "unapanda gari hili tunakwenda Morogoro, na utalala ndani."

"Tumekubaliana. Lakini jaribu na mwingine, tufanye miwili."

"Huu huu."

Ndipo nikautazama ule mkate vizuri. Juu, chini ya nailoni na kitambaa kilichobana, chale moja imejichora. Na kwenye uzi wa katani, masikio mawili yamesimama.

Katika mikate yote ile, mkono wake umekwenda kwenye mmoja wa ile sita yangu! Nilibaki nimeshika mlango, Yona mgongoni, nikaona kabisa kitakachotokea. Mkate uliofungwa moto una mvuke ndani, mvuke ukikosa pa kutokea unageuka maji, maji yanaganda, na ukija kuuyeyusha yale maji yanarudi yote kwenye mkate. Unapata bokoboko. Na mtu atakayelipia bokoboko hilo ni mzee anayekohoa, ambaye selo moja yenye sakafu ya saruji ingemmaliza.

Wakakaa wakasubiri. Bwana Fulgensi kwenye kiti, balozi kwenye kigoda, mkate katikati ya meza. Kuyeyusha mkate hakuna njia ya mkato, wajukuu. Unauacha kwenye nguo zake, hufungui, mpaka baridi itoke yenyewe, saa tatu, saa nne kwa mkate mkubwa. Ukiufungua mapema, hewa yenye unyevu inalivamia ganda. Ukiusogeza motoni, nje unalainika na ndani bado barafu. Hayo yote Bwana Fulgensi hakuyajua. Kila baada ya muda anaubonyeza kwa kidole gumba. "Bado jiwe." Tena. "Bado." Balozi akashauri, "Si tuuweke tu karibu na jiko?" Mzee Kibwana akatikisa kichwa.

Saa tano hivi, nailoni ikaanza kutoa matone. Bwana Fulgensi akainama. "Umeanza kuvuja!"

"Hayo ni ya nje," akasema Mzee. "Hewa ikigusa kitu cha baridi inatoa maji. Yafute, utaona." Akayafuta kwa kiganja. Nailoni ikawa kavu.

Ni kweli, matone ya nje hayana neno, hata chupa ya soda ya baridi inayatoa. Kinachoua mkate ni matone ya ndani. Basi nikasogea, najifanya napanga vikombe, nikatazama pale alipofuta. Kwa nje pakavu. Kwa ndani, kati ya nailoni na kitambaa, pamelowa, kitambaa kimegeuka rangi. Na Mzee Kibwana naye alikuwa anatazama hapo hapo. Akainua macho akatazama lile fundo lenye masikio, kisha akanitazama mimi. Akanyanyuka, akasema anakwenda jikoni kuwasha tanuri, na mimi nikamfuata.

Jikoni nikamwambia. "Mzee, nisamehe. Niliifunga moto. Siku ile ya mvua. Sita."

Akaendelea kupanga kuni. "Nimeona."

"Nakwenda kumwambia sasa hivi."

"Huendi popote."

"Mzee!"

Akageuka. Sijawahi kumwona na uso ule. "Sikiliza, Damari. Kibali kina jina langu. Huyu bwana amekuja kuchukua mtu, hawezi kurudi mkono mtupu. Ukifungua mdomo wako atakuchukua wewe, na huyo mgongoni atanyonya kwa nani? Kwangu? Nyamaza. Ni amri."

Nikanyamaza. Nilitii, ndiyo, lakini ngoja niseme kweli yote, maana uzee huu sina cha kuficha: ndani yangu kuna kitu kilishusha pumzi. Nilifurahi kuamriwa. Hicho ndicho kilichonitesa baadaye kuliko lile kosa la kufunga.

Saa saba Mzee akaufungua ule mkate mbele yao. Ganda limelegea, limenyauka, linang'aa kwa maji. Bwana Fulgensi akatabasamu. Mzee akamwambia, "Bado hatujamaliza, mkate ukishayeyuka lazima uingie kwenye moto mkali kidogo, ganda lirudi." Bwana Fulgensi akasema ataubeba mwenyewe, asije akabadilishiwa. Akaubeba kwa mikono miwili mpaka kwenye banda la jiko, na shati lake zuri likaloa. Mzee alikuwa amelipasha tanuri kuliko siku zote, na nilijua kwa nini: alikuwa anajaribu kuukausha. Kwa kawaida tunanyunyiza maji mkononi, tunaupaka juu, dakika chache basi. Siku ile hakunyunyiza hata tone. Akauacha mpaka nikasikia ganda linaanza kulia, ta, ta, ta, kama linavyolia ganda zuri likikauka.

Ukatoka wa kahawia, unanukia. Mzee Shomari akameza mate, nilimwona. Kwa kitambo nikaamini. Nikaomba kimoyomoyo kwa Kikaguru na kwa Kiswahili.

"Kata katikati," akasema Bwana Fulgensi, kisha akachukua kisu mwenyewe. Nusu ya juu kisu kikapita vizuri, mkate mweupe, matundu mazuri. Nusu ya chini kisu kikanata. Akavuta, kikatoka na tope la unga limekishika. Akachukua kidogo kwa vidole, akaviringa kadonge, akakaweka mezani mbele ya Mzee Kibwana.

"Unga wa wananchi huo, mzee."

"Naona."

"Nani aliufunga?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Naapa ulikuwa wazi. Mzee Kibwana akasema, "Kazi ya hapa ni yangu," akaingia ndani kuchukua koti na kofia. Alipopita karibu yangu akaniambia, "Usisahau kuilisha chachu," kama mtu anayekwenda sokoni na kurudi. Bwana Fulgensi akamwambia balozi asiruhusu kitu chochote kitoke kwenye ile friza mpaka atakaporudi na lori kuikomba. Gari likaondoka. Nikamsikia anakohoa mpaka lilipokata kona.

Nililisha chachu kama alivyosema, huku nalia mpaka machozi yanadondokea chunguni. Kisha nikakaa nikaangalia ile friza. Ndani mle kulikuwa na mikate ya chale moja ya tanuri la kwanza, aliyoifunga yeye kabla homa haijamlaza. Ile ilikuwa mkate. Hakuna aliyeionja. Na Morogoro ni mbali kwa treni kiasi kile kile mkate unachohitaji ili uyeyuke.

Alfajiri nikaenda kwa Mzee Shomari. Nikamkuta anatia udhu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Mama Yona. Kuna nini mapema hivi?"

"Nataka mkate mmoja kutoka kwenye friza. Mmoja tu."

"Umenisikia nilivyoambiwa jana?"

"Nimesikia."

"Unataka na mimi nipande gari lile?"

Nikamwambia yote, homa, mvua, fundo, yote. Alimaliza kuosha miguu yake taratibu, mimi nimesimama pale namsubiri. Akajifuta. Akasema, "Mimi nakwenda kuswali. Nikitoka nitakwenda shambani Masanze, na sitafungua hilo sanduku leo." Akaondoka bila kunitazama.

Nikaingiza mkono mpaka chini kabisa. Chale moja, fundo dogo lililojificha. Nikalipapasa mara tatu nihakikishe. Nikaufunga kwa kanga mbili, nikautia kwenye kikapu, Yona mgongoni, huyoo stesheni. Treni ilichelewa, kisha ikasimama Kimamba weee, mpaka nikadhani tumesahauliwa. Kila stesheni naingiza mkono kwenye kikapu. Jiwe. Bado jiwe. Tulipofika stesheni ya Mkata, umeanza kulegea pembeni. Kuna mama mmoja alidhani nina maziwa ya mgonjwa, akaniombea dua. Nilipoteremka Morogoro nikaubonyeza katikati, ukabonyea, ukarudi.

Pale ofisini nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Nikakaa kwenye benchi. Nikaambiwa tena. Nikamtoa mtoto mgongoni nikamnyonyesha, nikasema sitoki. Mwishowe wakaniingiza kwa mkubwa wao, mzee mwenye miwani, na Bwana Fulgensi kasimama pembeni. Nikauweka mkate juu ya makaratasi yake.

"Nini hiki?"

"Ni mkate uliookwa siku moja na ule wa jana. Huu aliufunga Mzee Kibwana. Ule wa jana niliufunga mimi, ungali moto. Kosa ni langu. Ukateni."

Nikaufungua, akatafuta kisu, akaukata wenyewe ulivyo, bila moto wala nini. Kikapita juu mpaka chini. Ukafunguka mweupe, mkavu, unanukia ule uchachu wa mbali. Bwana Fulgensi akaubonyeza kila mahali akitafuta maji, hakuyaona. Akala kipande. Akala na cha pili. Yule mkubwa akatafuna, akavua miwani.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Mzee alinikataza. Na niliogopa."

"Kipi kilitangulia?"

Ningeweza kudanganya, mle ndani hakuna aliyejua. "Kuogopa," nikasema.

Alichukua kalamu. Akaandika jina langu kwenye kitabu chake, herufi kwa herufi, akaniambia mkate ukiharibika tena Kilosa hatamtafuta mzee yeyote, atanitafuta mimi, niwe na mtoto au nisiwe naye. Akasema barabara isipofunguka wiki ile, mikate iyeyushwe na igawiwe kwenye foleni ya kwetu Kilosa. Kisha akamwambia Bwana Fulgensi akamtoe.

Mzee Kibwana alitoka na koti lake lina vumbi la saruji, sauti imekauka. Nilipiga goti, "Shikamoo Mzee." Hakuitikia. Alimtazama Yona, akanitazama mimi, akatangulia kwenda stesheni. Tulikaa kwenye treni kiti kimoja na hakunisemesha. Nilijua kosa langu sasa ni jingine: nimevunja amri yake, nimembeba mtoto mchanga mpaka mbele ya watu ambao wangeweza kunifungia naye. Tukaipita Mkata. Mimi natazama dirishani tu, nimeuma midomo.

"Nilikwambia unyamaze," akasema ghafla.

"Uliniambia, Mzee."

"Na hukusikia."

"Sikusikia."

Akakohoa sana, akajifuta kwa kofia. Kisha akanyoosha mikono yake yote miwili, ile mikono iliyojaa makovu ya tanuri.

"Niletee huyo mtoto nimpakate," akasema. "Tangu jana uko naye mgongoni."

Nikamfungua Yona nikampa. Nililia mpaka Kimamba.